Mwanangu anachora kila mahali: je, hiki ni kipaji?

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Nkuhungu hapa Dodoma. Mtoto wangu wa pili, wa kiume, ana miaka mitano na nusu na yupo darasa la awali. Tangu alipotimiza miaka mitatu hakai bila kuchora: akikosa penseli huchukua mkaa jikoni, akikosa karatasi huchora ukutani au mchangani kwa kijiti. Siku hizi ni ng'ombe wa babu yake na treni ya umeme tu, kutwa nzima. Baba yake anasema ni kupoteza muda, bibi yake analalamikia ukuta, mwalimu wake amenionyesha daftari la hesabu lililojaa picha, na jirani ananishauri nimpeleke kwa fundi wa kuchora mabango akamfundishe mapema. Je, hiki ni kipaji au ni mchezo wa kila mtoto? Na nifanye nini nisikiue, wala nisimlazimishe?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Picha tatu ulizonitumia nimezitazama kwa muda mrefu na zimenifurahisha, hasa ile ya ng'ombe mwenye ndama tumboni. Hata hivyo sitakuambia kutokana na picha hizo kwamba mwanao ana kipaji, wala kwamba hana, kwa sababu picha iliyokamilika ni ushahidi dhaifu sana kwa mtoto wa umri wake. Anayeweza kuamua ni yule aliye karibu naye wakati mkono unatembea juu ya karatasi, na huyo ni wewe. Katika miaka niliyofundisha wanachuo wa ualimu somo la sanaa, kosa nililolisahihisha mara nyingi kuliko jingine lolote ni hili la kukusanya picha mwisho wa kipindi, kuzipanga kuanzia safi hadi chafu, na kudhani kwamba mtoto mwenye kipaji amekwisha kupatikana.

Tuanze na yaliyo ya kawaida, maana bila kuyajua hutayatambua yasiyo ya kawaida. Karibu kila mtoto aliyepata kitu cha kuandikia huanza na mikwaruzo kabla hajatimiza miaka miwili au baada ya hapo kidogo. Baadaye mikwaruzo hujifunga ikawa duara. Na kati ya miaka mitatu na minne duara hilo huota miguu, akatokea yule mtu ambaye wataalamu humfananisha na kiluwiluwi, mwenye kichwa kikubwa na miguu inayoning'inia chini yake bila kiwiliwili. Viktor Lowenfeld, mwalimu wa sanaa aliyezaliwa Austria na kufanya kazi yake kubwa Marekani, alizieleza hatua hizi mwaka 1947, na ingawa watoto hawafuati umri kama treni inavyofuata ratiba, mpangilio wake bado unatusaidia: kati ya miaka minne na saba mtoto anatafuta alama zake mwenyewe za mtu, nyumba na mnyama, na anapokaribia saba huanza kuzipanga juu ya mstari mmoja ulio chini ya karatasi, ambao kwake ndio ardhi. Kwa hiyo mtoto wa miaka mitano na nusu anayechora watu, mifugo na magari, na anayependa sana kuyachora, bado yupo ndani ya yale tunayoyatarajia kwa rika lake.

Yule ndama tumboni naye ni wa kawaida, na naomba asisahihishwe na mtu yeyote. Mfaransa Georges-Henri Luquet alionyesha mwaka 1927 kwamba mtoto mdogo huchora kile anachokijua kuhusu kitu, na siyo kile ambacho jicho lingekiona kutoka mahali alipokaa. Anajua ng'ombe ana mimba, basi ndama anachorwa. Anajua treni ina abiria, basi abiria wanaonekana wote, miguu na viatu, kana kwamba behewa ni la kioo. Anajua ng'ombe ana pembe mbili, macho mawili na miguu minne, basi vyote vinahesabiwa mbele yako hata kama mnyama amechorwa kwa ubavu. Mtu mzima akimwambia kwamba ndama haonekani kwa nje, anasema kweli, lakini anajibu swali ambalo mtoto hakuuliza.

Sasa nije kwenye unachotakiwa kukitafuta. Dalili ninayoipa uzito kuliko zote ni marudio yanayobadilika. Watoto wengi huchora kitu kilekile mara mia, na picha ya mia inafanana na ya kwanza kama vikombe vya seti moja. Mtoto mwenye uwezo wa pekee naye hurudia, lakini kila mara anahangaika na tatizo jipya: leo nundu ya ng'ombe imekaa mbali mno na shingo, kesho imesogea, keshokutwa pembe zimeinama kama za yule fahali wa babu na si kama za ng'ombe yeyote tu. Dalili ya pili ni kutazama. Mtoto anayesimama katikati ya kuchora, akatoka nje kumwangalia mbuzi na kurudi kumalizia kwato, ana jambo ambalo siwezi kumfundisha mwanachuo wa miaka 20 kwa urahisi. Dalili ya tatu ni kutoridhika kwa namna ya fundi: anafuta, anakunja karatasi, anaanza upya bila kuambiwa, na akiulizwa anaweza kuonyesha kwa kidole mahali palipomkera. Dalili ya nne ni kutangulia rika, yaani kuonyesha vitu vinavyofichana, umbali, au mwili uliogeuka, mapema kuliko wenzake. Hii ya nne ndiyo watu huiona kwanza, na ndiyo mimi huipa nafasi ya mwisho, kwa kuwa mtoto anaweza kuiga ujanja wa namna hiyo kutoka kwa kaka yake bila kuelewa anachokifanya.

Unadhifu sikuutaja, na sikuusahau. Mtoto anayepaka rangi ndani ya mistari ya picha iliyochapishwa bila kutoka nje ana mkono mtulivu, na mkono mtulivu utamfaa katika mwandiko, lakini hauniambii lolote kuhusu jicho lake.

Nakumbuka mtoto mmoja wa kike niliyemkuta katika shule iliyo pembezoni mwa mji, nilipokwenda kukagua mazoezi ya kufundisha. Karatasi yake ilikuwa imechafuka kiasi kwamba mwalimu mwanafunzi alikuwa ameiweka ya mwisho. Alikuwa amechora wanawake kwenye foleni ya maji, na ndoo zao zote zilikuwa na midomo ya duaradufu: zilizo chini zilikuwa pana, zilizobebwa kichwani zilikuwa nyembamba kama ukucha. Alikuwa na miaka sita. Hakuna aliyemfundisha kwamba mdomo wa ndoo hubadilika kadiri jicho linavyopanda na kushuka. Alikuwa amesimama kwenye foleni hiyo asubuhi nyingi, na alikuwa ameangalia. Nilipomwuliza kwa nini ndoo hizi hazifanani na zile, alinishangaa kama mtu aliyeulizwa kwa nini jua linachoma.

Kwa hiyo chukua daftari dogo la kwako, na kwa mwezi mzima uandike, bila mtoto kujua kwamba anachunguzwa, mambo machache ya kila siku: alichora nini, alikaa muda gani kabla ya kuinuka, alitazama nini, alibadilisha nini, alisema nini wakati anachora. Andika pia siku ambazo hakuchora. Angalia na mikono yake nje ya karatasi, kwa maana jicho zuri halitokei kwenye penseli peke yake. Watoto wa wafugaji huku kwetu hufinyanga ng'ombe wa udongo, na nimewahi kuona ng'ombe wa udongo mwenye urefu wa kidole ambaye mlegeo wa ngozi ya shingo yake ulikuwa sahihi kuliko picha nyingi za wanachuo wangu. Na kama mwanao anainamisha uso hadi unakaribia kugusa karatasi, mpeleke akapimwe macho kabla ya jambo jingine lolote.

Kuhusu vifaa, tafadhali usiingie gharama. Mtoto huyu anahitaji karatasi nyingi za bei ya chini kuliko karatasi chache nzuri, kwa sababu karatasi ya gharama humtia hofu ya kukosea. Tangu serikali ihamie Dodoma, mji huu umekuwa na ofisi zinazotupa karatasi zilizochapwa upande mmoja kwa wingi wa kusikitisha. Ukiwa na ndugu anayefanya kazi huko Mtumba, kwenye mji wa serikali, au penye duka la kuchapa na kudurufu, mwombe akuwekee, ila ahakikishe si barua za siri, tusije tukapelekana pabaya kwa ajili ya picha za ng'ombe. Maboksi yaliyokunjuliwa ni mazuri pia. Penseli ya kawaida ya shule ni ngumu na mstari wake ni mwembamba. Ukiweza mtafutie moja iliyoandikwa 2B au 4B, ambayo ni laini na inatoa weusi wa viwango mbalimbali. Mkaa anaoutumia sasa ni kifaa halali kabisa cha wachoraji, kwa hiyo usimnyang'anye. Mchagulie vipande vya vijiti vyembamba vilivyoungua vizuri, kwa kuwa mkaa wa magogo hukwaruza.

Rangi nayo ipo chini ya miguu yenu. Udongo wetu mwekundu ukisagwa, ukachekechwa kwa kitambaa na kukorogwa na kiini cha yai kilichopunguzwa makali kwa maji kidogo, hutoa rangi inayoshika kwenye karatasi na boksi. Chokaa hutoa nyeupe, mkaa uliosagwa hutoa nyeusi, na manjano ya jikoni hutoa rangi ya jina lake. Koroga wewe mwenyewe ile ya chokaa, isimwingie machoni. Kijiti cha mswaki kilichotafunwa ncha ni brashi nzuri kuliko nyingi za plastiki. Michoro ya miambani ya Kolo, kilomita zipatazo 20 kaskazini ya mji wa Kondoa, ambayo iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, imechorwa kwa sehemu kubwa kwa rangi nyekundu itokanayo na udongo na mawe ya aina hiyo. Siku mtakapopata nafasi mpelekeni akaione, lakini msimpe hotuba ya historia. Mwacheni asimame mbele ya wale watu warefu wembamba na wanyama wao, aulize anachotaka. Usiruhusu, kwa upande mwingine, achezee rangi za mafuta za kupakia milango pamoja na viyeyusho vyake, wala asivunje betri kuukuu ili apate ule unga mweusi, jambo ambalo watoto wetu wamelizoea na ambalo si salama.

Sehemu inayoua hamu ya watoto wengi ni mdomo wa mtu mzima, na mara nyingi ni mdomo unaosifu. Mwaka 1973 watafiti Lepper, Greene na Nisbett walichapisha jaribio walilolifanya katika shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Waliwachukua watoto waliokuwa tayari wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi waliahidiwa cheti kizuri endapo wangechora, wengine walipewa cheti bila kuahidiwa, na wengine hawakupewa kitu. Wiki moja hadi mbili baadaye kalamu zilipowekwa tena darasani bila ahadi yoyote, wale walioahidiwa zawadi walichora kwa muda mfupi zaidi, karibu nusu ya muda wa wenzao. Kilichokuwa mchezo kilikuwa kimegeuzwa kibarua. Kwa sababu hiyo usimlipe soda kwa picha, usimwite achore mbele ya wageni, na usiweke picha zake kwenye simu ili aone watu wangapi wamezipenda. Badala ya kumwuliza, "Hiki ni nini?", swali ambalo humwambia kwamba hakueleweka, mwambie, "Nieleze habari za picha hii," halafu nyamaza. Ukitaka kusifu, sifu kitu mahususi ulichokiona: kwamba safari hii mkia wa ng'ombe umepinda, kwamba alirudia magurudumu mara tatu. Na akikuomba umchoree treni, usichore. Mpeleke mahali treni inapoonekana, au muulize ina madirisha mangapi na mlango wake uko wapi, kwa kuwa ukimchorea mara moja, ataendelea kuchora treni yako na ya kwake itakuwa imepotea.

Baba yake namwelewa. Mzazi anayefikiria ada hawezi kulaumiwa kwa kuogopa mchezo usiolipa. Ningemwomba tu afikirie jambo moja. Katika vijiji vya Ugogo mtoto mdogo anaposimama pembeni ya wanawake wanaopiga ngoma ya muheme na kuanza kugonga kopo kwa mdundo wao, hakuna anayemwambia anapoteza muda. Anaachiwa nafasi, anaangalia mikono ya wakubwa, na siku moja anapewa ngoma. Hukwe Zawose, aliyetoka mkoa huu na kufikisha marimba, zeze na uimbaji wa Kigogo kwenye majukwaa ya dunia kabla ya kufariki mwaka 2003, alilelewa ndani ya muziki kwa mtindo huo. Basi kwa nini mtoto wa kopo aachiwe nafasi, na mtoto wa mkaa afukuzwe? Mwambie pia kwamba hakuna mtu anayemtaka achague leo kati ya kuchora na udaktari. Jicho lililozoea kutazama kwa makini litamfaa mchora ramani, fundi, mpasuaji na mkulima wa zabibu.

Ushauri wa jirani yako ni mzuri nusu. Fundi wa mabango ana ujuzi wa kweli wa herufi, vipimo na mkono usiotetemeka, na ningependa mwanao akakae kwenye kibanda chake Jumamosi moja moja, atazame. Asifundishwe bado. Fundi, kwa nia njema, atampa mtindo uliokwisha: simba anachorwa hivi, uso wa mtu unachorwa hivi, na mtoto wa miaka mitano aliyepewa jibu huacha kuuliza. Mtaalamu wa elimu wa Marekani, Benjamin Bloom, na wenzake, waliochapisha mwaka 1985 utafiti kuhusu watu 120 waliofika kileleni katika fani mbalimbali, wakiwemo wapiga piano na wachongaji, waligundua kwamba walimu wao wa kwanza kwa kawaida hawakuwa mabingwa. Walikuwa watu wa jirani, wachangamfu, waliowafanya watoto wapende kazi yenyewe. Mafunzo makali yalikuja baadaye. Kwa kuchora, wakati wa kumtafutia mwalimu wa ufundi ni pale atakapofika miaka tisa au kumi, atakapoanza kuona kwa uchungu kwamba farasi wake hafanani na farasi. Wengi huacha kuchora katika umri huo, na huacha kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuwaonyesha kivuli, umbali na uwiano wa viungo siku walipovihitaji. Hapo ndipo uweke akiba yako. Wala usiogope kwamba mnachelewa: Edward Saidi Tingatinga, ambaye jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji nchini, alikuwa amepita miaka 35 alipoanza kuchora wanyama kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya mbao za bei nafuu jijini Dar es Salaam mwaka 1968.

Mwalimu wa shule ana haki kuhusu daftari la hesabu, na umweleze mtoto hivyo kwa lugha nyepesi: daftari hili ni la namba, na hili jingine dogo litakaa kwenye begi kwa ajili ya picha baada ya kumaliza kazi. Umwombe mwalimu jambo moja tu, kwamba asiichane picha mbele ya darasa. Mtaala una nafasi ya sanaa. Kinachokosekana mara nyingi ni muda na karatasi, na mzazi anayepeleka bunda la karatasi za upande mmoja hupokelewa vizuri.

Kwa bibi, nenda kwa heshima na ukiri kwamba ukuta ni wake. Mwombe akuachieni kipande kimoja, labda ubavu wa jiko la nje, kilichopakwa chokaa, ambacho mtoto atachora kwa mkaa, nawe utakipaka chokaa upya kikijaa. Halafu mwulize kama anakumbuka udongo wa kufinyangia hupatikana korongo gani baada ya mvua. Nimeona bibi wengi waliokuwa wakali kuhusu ukuta wakigeuka walimu wazuri kuliko mimi mara walipoulizwa habari za udongo, kwa sababu wanajua kwa vidole ni upi unaopasuka ukikauka na ni upi unaovumilia moto.

Mwisho, kila picha utakayoihifadhi, iandike tarehe nyuma yake pamoja na maneno ya mtoto mwenyewe kuhusu picha hiyo, kama alivyoyasema, hata kama hayana maana kwako. Usihifadhi zile nzuri tu. Baada ya miezi sita niandikie tena, na unitumie treni tano za tarehe tano tofauti, ikiwemo ile aliyoikunja kwa hasira na ukaiokota.